Dadu ya Sabuni

Sabuni ya kipande siiweki nyumbani kwangu. Dada anayenisaidia kazi amenizoea. Nguo anafua kwa ya unga, na siku aliyoniuliza sababu nilimjibu kwa ukali nisioupenda mwenyewe, kwamba nyumba ni yangu na pua ni yangu. Lakini huwezi kuishi Nairobi hii ukaikwepa. Unapita nyuma ya saluni za Kenyatta Market, mtu amefua taulo, harufu inakupata papo hapo ukiwa na mfuko wako wa sukuma wiki, na mimi nikiipata tu ulimi unakuwa mchungu. Mate yanajaa mdomoni, inabidi nisimame kando niteme. Nyinyi wa rika langu mliosuguliwa kwa sabuni hiyo mpaka macho yakawaka mtasema ninajidai. Haya, kaeni niwaambie, kisha mseme.

Baba yangu alikuwa mchimbaji wa dhahabu huko kwao magharibi, kwenye yale mashimo ambayo watu huchimba kwa sururu na kuteremka kwa kamba. Mvua ilinyesha, mto ukapasua kingo, maji yakaingia shimoni naye akiwa chini. Mimi niliambiwa amechelewa kazini. Mama alinikabidhi kwa dada yake pale Dagoretti Corner, mbele ya duka la viatu, akanitia andazi mkononi, akaniambia nisimsumbue Anti, akaondoka kwenda kungojea kwenye mdomo wa shimo. Kwamba kuna shimo na kuna maji nilikuja kujua kwa kusikiliza. Watu wazima hudhani mtoto akiwa na kitu mdomoni masikio nayo yameziba.

Anti alikaa mtaa wa Jamhuri, nyumba ya ua mdogo nyuma, na ndani ya nyumba hiyo alikuwa na binti mmoja, Mwende. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza natoka nazari, shule ya chekechea. Mwende alikuwa darasa la saba. Sijawahi kukutana na kichwa kama cha yule msichana, na nimefanya kazi na watu wenye digrii ukutani. Kwa rafiki yake mmoja aliyekuwa na kaka ng'ambo alikuwa amejifunza mchezo wa ajabu: mmoja anakuwa mwenye hadithi, wengine wanakuwa watu wa hadithi hiyo, na kila ukitaka kufanya jambo gumu unarusha dadu, dadu inasema kama umeweza au umeshindwa. Hakuna ubao, hakuna kadi. Ni maneno tu na dadu. Mwende alisikia hivyo mara moja, akaenda nyumbani akatunga wake.

Na akatunga nini? Mgodi uliofurika. Tangu siku hiyo nimejiuliza kama ni ukatili au ni akili tu ya mtoto kuokota kilicho karibu, kwa sababu nyumba nzima ilikuwa inazungumza habari hizo hizo kwa sauti ya chini. Alichukua karai la kufulia lililotoboka akaliziba kwa bablishi aliyoitafuna. Akapanga kokoto na vigae vilivyovunjika viwe kuta, akakata pakiti za maziwa zikawa milango, akamwaga maji ya udongo ndani. Mgodi ulikuwa na ngazi tatu za kuteremka. Ya kwanza aliilinda Chura Mla Taa. Ya pili ilikuwa na samaki vipofu waliosikia moyo wa mtu ukidunda. Ya tatu, chini kabisa, ilikuwa na mlango wa chuma wa Malkia wa Tope, na nyuma ya mlango huo, juu ya jiwe, alikaa mtu mmoja aliyenaswa. Mtu huyo alikuwa pegi ya nguo, ya mbao, imefungwa uzi mwekundu shingoni.

Tulikuwa watu wawili wa kwenda kumwokoa. Kimani, kijana wa jirani ambaye babake ndiye mwenye nyumba zile, alikuwa jitu lenye ngumi za chuma. Mimi nilipewa mshika taa. Nikauliza mshika taa anajua kufanya nini.

"Anashika taa," Mwende akasema.

"Na kingine?"

"Kwani unataka ashike nini, kadogo? Bila taa jitu linajigonga ukutani. Keti hapo."

Dadu alichonga mwenyewe kwa sabuni ya kipande, ukubwa wa donge la sukari ya chai, akatoboa alama kwa njiti ya ufagio. Kwa sababu sabuni ni laini, alisema, hakuna kuishika-shika. Unapewa, unaipulizia upate bahati, unarusha juu ya kifuniko cha sufuria, yeye anasoma, anaichukua na kuirudisha kwenye kikopo chake cha mafuta. Na kila ukishindwa anamimina kikombe cha maji karaini. Nilikuwa naangalia maji yakipanda kwenye jiwe la yule mtu wa pegi.

Siku ya kwanza au ya pili niliuliza aliyenaswa anaitwa nani. Mwende akaanza kutaja jina fulani la kifalme. Nikamkatiza. Nikasema huyo ni Baba.

Kimani aliinamisha kichwa akaanza kukwaruza udongo kwa kijiti. Alijua. Mtaa mzima ulijua. Waokoaji walikuwa wamekata tamaa kule shimoni, ukuta ulikuwa umeporomoka juu ya maji, na wazee wa kwao Baba walikuwa wamesema basi. Lakini kwetu habari kama hiyo mtoto haambiwi na yeyote tu. Inangojewa mama mwenyewe arudi, mchungaji awepo, mtoto akalishwe, apakatwe, ndipo aambiwe. Mpaka hapo kila mtu anafunga mdomo na kukupa biskuti. Ni huruma, wanasema. Mimi nawaambia, sijaona huruma yenye meno kama hiyo.

Mwende akasema, "Sawa. Ni babako."

Basi nikawa na kazi. Wengine wote nyumbani humo walikuwa wanangoja. Mimi nilikuwa namtoa. Jioni watu walikuja, watu wa kanisa, watu wa ofisini kwa Anti kule mjini wakiwa bado na tai, wakakaa kwenye viti vya plastiki vya kukodisha wakanywa chai, wakaomba, wakazungumza habari za safari na gari na nani ataenda na nani. Kwa akili yangu ile hicho kilikuwa kikao cha uokoaji. Nani angekuja kukaa kwenye kiti cha kukodisha kila jioni kama si kupanga jambo la maana? Nikawa napenya kati ya magoti yao nikileta ripoti. Nilimwambia mchungaji, "Tumepita samaki. Imebaki ngazi moja." Akaniwekea mkono kichwani akasema amina, na mama mmoja akatoka nje akijifunika uso kwa leso. Nilidhani amefurahi.

Siku moja nikasikia mzee mmoja akisema pampu zilishindwa. Kesho yake nikamwambia Mwende tunataka pampu. Kwenye mchezo wake kila kitu kiliwezekana, alishatupa hata kamba inayozungumza, kwa hiyo sikuona ugumu.

"Pampu imeharibika," akasema bila kuinua macho.

"Tuitengeneze."

"Mshika taa hajui kutengeneza pampu."

"Jitu linajua," Kimani akasema.

"Jitu linajua kupiga ngumi. Wewe Kim, usijifanye. Nimimine maji ama nisimimine?"

Nilimpenda Mwende. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya yote. Nilikuwa nalala kitandani kwake, namkojolea, namtia visigino mbavuni, na yai moja lililobaki Anti ananipa mimi, kwa hiyo alikuwa na haki ya kunichukia, na alinichukia. Lakini alipoanza kusimulia sauti ikashuka na mikono ikaanza kupanda ukuta usioonekana, ungeacha kupumua. Nilisikia baridi ya lile shimo kwenye jua la saa nane. Kwa hiyo alipoanzisha sheria mpya sikubisha. Sheria ilikuwa kwamba mlango wa chuma unafunguka kwa sita tu, na ni mshika taa peke yake anayeweza kuurushia, kwa sababu aliye ndani ni babake. Na kila kurusha kuna kazi yake kwanza.

Nikaosha vyombo vyake. Nikamenya viazi kwa zamu yake, nikajikata kidole. Nikafua soksi zake, na sketi ya shule, na kile kipande cha sabuni kilikuwa kikubwa kuliko mkono wangu, kikiniponyoka na kuruka hadi kwenye mchanga. Ngozi ya vidole ilijikunja ikawa nyeupe, ikapasuka. Anti aliona akasema, "Mtoto ana bidii huyu, haki," akawaambia wageni, wageni wakasikitika kwa ulimi. Halafu naenda nyuma ya nyumba napewa dadu, napuliza, narusha. Tatu. Narusha kesho. Moja. Tano. Tano ilinifanya nipige kelele kwa sababu niliona sita imekaribia. Mwende akamimina kikombe. Maji yalikuwa yamefika kwenye miguu ya pegi.

"Itakuja lini sita?" nikamuuliza.

"Ikitaka. Mimi naijua aje? Dadu ikisema imesema."

Kisha asubuhi moja nikamsikia Anti akisema kwenye simu kwamba Mama yuko njiani, anafika jioni. Niliruka kutoka kitandani. Mama anakuja, na mimi Baba bado sijamtoa! Atanikuta nimekaa na karai la maji. Nikaingia bafuni nikachukua kipande kilichobaki cha ile sabuni, nikajifungia, nikakata kwa kisu cha siagi nikachonga dadu yangu. Ilikuwa imepinda upande mmoja lakini maji yalikuwa yamefika miguuni mwa pegi, sikuwa na muda wa urembo. Kuhesabu hadi sita niliweza. Nikatoboa sita upande wa kwanza, nikageuza, sita, nikageuza, sita. Pande zote. Kwa mtu wa umri ule nilikuwa na roho ya jambazi, na hata sasa nikikumbuka naona fahari kidogo.

Mchana tukakaa kando ya karai. Mwende alikuwa na uso mbaya siku hiyo, kwa sababu mamake alikuwa amemwambia ahamie kulala kochini Mama akifika. Akanipa dadu. Nikaiweka mdomoni mwangu nikijifanya napuliza. Gari la kwanza la wageni likapiga honi getini, akageuza kichwa, mimi nikaisukuma kwa ulimi hadi shavuni, na mkono wa pili ukarusha ile yangu.

Ikagonga kifuniko, ikatulia.

Mwende aliangalia kifuniko. Hakusoma. Kimani akainama akahesabu kwa kidole, kisha akaruka juu kama amechomwa. "Sita! Sita, wee! Fungua mlango! Mwende fungua mlango!"

Mwende akaiokota. Akaigeuza upande, akaigeuza tena, taratibu, akaniangalia. Nikajua ameona. Moyo ulinidunda nikawaza samaki vipofu. Nilingoja aseme kwa Kimani, aniumbue, aniletee fimbo. Hakusema chochote kuhusu dadu. Rangi ilimtoka usoni, akaikandamiza ile sabuni kiganjani hadi ikabapa.

"Fungua!" Kimani anapiga makofi. "Si umesema dadu ikisema imesema?"

"Haya," akasema. Na ile sauti ya kusimulia haikuja. Ilikuja sauti nyembamba tu ya msichana aliyekasirika. "Mlango umefunguka. Unaingia. Unamkuta babako."

"Anasema nini?"

"Hasemi kitu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu amekufa. Amekufa maji, amelala hapo macho wazi. Na si mchezo, mjinga wewe, uliza mtu yeyote hapo ndani, wote wanajua. Na ni wewe umemuua, kwa sababu umeiba. Ungengoja sita ya ukweli angetoka."

Nilifungua mdomo kulia na povu likatoka. Nilikuwa nimesahau ile dadu shavuni. Ilikuwa imeyeyuka, imenijaa kooni, chungu, inachoma hadi puani, na kila nikivuta pumzi nakohoa mapovu. Kimani akapiga mayowe kwamba nina kifafa akakimbilia ndani. Anti akaja mbio na kijiko, mchungaji nyuma yake, watu wa tai nyuma ya mchungaji, wakaniinamisha wakanipiga mgongo, nikatema donge dogo jeupe, laini, halina alama yoyote. Hapo ndipo Mama alipoingia getini amevaa nguo za watu wengine, miguu ina tope la huko alikotoka, akanikuta hivyo. Mchungaji alikuwepo. Biskuti ilikuwepo. Wakaniketisha wakaniambia kwa upole wao wote, na mimi nilikuwa najua tayari, na nilijua zaidi yao, kwa sababu wao walisema ni mvua.

Tukaenda kuzika. Mwili haukupatikana, na kwa kina Baba mtu haachwi bila kaburi, basi wazee wakakata mgomba, wakauvisha koti lake na kuuviringisha shuka, wakauweka kwenye sanduku. Desturi ni hiyo na ina heshima yake, leo naielewa. Siku hiyo nilisimama mbele ya sanduku wazi nikaona shina la ndizi ndani ya koti la Baba, na watu wazima wanalililia, na nikasema moyoni, amekataa kuja. Ningerusha kwa haki angekuwa humo. Shangazi yangu, dada yake Baba, akaniambia nitupe udongo. Nikatupa, na mikono yangu bado ilikuwa inanuka sabuni.

Sikumwambia mtu. Ungemwambia nani? Ukikua unajua kwamba dadu haiui mtu shimoni mbali kule, unajua kwa kichwa, unaweza hata kumweleza mwingine. Lakini katika mitihani yangu yote sikuwahi kuchungulia hata neno moja. Mjini ninapofanya kazi wananiita mtakatifu, kwa kunicheka, kwa sababu hata kwenye foleni ya lifti sipiti mtu. Mume wangu aliwahi kuleta nyumbani mchezo wa dadu wa watoto, nikautia kwenye pipa bila kusema neno, tukanuniana wiki nzima. Alidhani ni dini.

Mwaka huu Anti amestaafu na anahama Jamhuri. Tukakutana wote kumsaidia kufunga vitu, na Jumapili Mwende akatuma mtu Kenyatta Market akaleta nyama ya kutosha, tukala uani kwenye sinia moja, kachumbari kando. Mwende ni mwalimu sasa, mnene, mcheshi, watoto wake wanamwabudu. Wakati wa kusafisha stoo mwanawe alikuwa ametoa lile karai, lina kiraka chake cheusi cha bablishi, akauliza ni la nini.

"Hilo? Hilo lilikuwa mgodi!" Mwende akacheka hadi akaweka mfupa chini. Akawasimulia Chura, akawasimulia samaki, na mikono ikapanda ule ukuta wake, na watoto wakasahau kutafuna. "Na huyu auntie yenu alikuwa mshika taa. Wacha! Alikuwa na roho, huyu! Alirusha ile dadu hadi sabuni ikaisha. Soksi zangu zote alifua."

"Na akashinda?" mtoto akauliza.

"Angeshinda aje? Dadu haikuwa na sita."

Nilikuwa nimeshika kipande cha nyama. Nikasema, "Haikuwa na nini?"

"Sita. Nilitoboa tano mara mbili. Kwani hukujua? Mum aliniambia mchezo usiishe hadi mamako afike, sasa mimi ningefanya nini? Nikikupa sita utauliza babako yuko wapi. Nikakunyima." Akanigusa goti kwa mkono wake wenye mafuta. "Halafu siku hiyo naona sita kwenye kifuniko. Wee! Nilidhani ni Mungu. Kumbe ni wewe. Nilikasirika!" Akacheka tena. "Sikumbuki hata nilikwambia nini."

Anti akacheka naye, kwa mapenzi, akasema tulikuwa watoto watundu sana.

Sita ya ukweli haikuwepo. Miaka yote hiyo niliyongoja kichwani mwangu, nikiurudisha ule mchana, nikiitoa dadu shavuni na kuirusha kwa haki, tena na tena hadi ije, haikuwepo upande wowote. Nilitaka kumpiga kwa lile karai. Nilitaka pia kumkumbatia, na sikujua nianze na lipi, kwa hiyo nikainuka nikaenda kunawa.

Pale kwenye sinki ya Anti kulikuwa na sabuni ya kipande. Nikaishika, nikaigeuza pande zote kabla ya kulowesha mikono.